Namna ya Kuagana na Nyota Aliyeumia: Mwongozo kwa Mmiliki wa Timu

Mmiliki wa timu ya futiboli ya Kimarekani hukabiliwa na uamuzi huu mara moja au mbili tu maishani mwake, kwa hiyo karibu kila mmoja huufanya akiwa hana mazoea nao. Mchezaji aliyeijenga klabu ameshapita miaka 35, mwili umeanza kumkataa, mshahara wake unazidi wa mtu mwingine yeyote kikosini, na nusu ya jiji inavaa jezi yenye namba yake. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuagana naye bila kuizamisha klabu na bila kumvunjia heshima. Mfano nitakaoutumia ni wa Jim Irsay, aliyekuwa mmiliki wa Indianapolis Colts, aliyeachana na kotabeki wake Peyton Manning tarehe 7 Machi 2012. Nimeuchagua kwa sababu ndani yake yamo mambo yaliyofanywa vizuri sana na mengine yaliyoharibika hadharani, na yote mawili yanafundisha.

Kwa msomaji aliyezoea soka, kotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi, anayeisoma safu ya ulinzi ya wapinzani, na anayeamua ndani ya sekunde mbili tatu ampe nani mpira huo. Ukimwondoa mshambuliaji hodari wa soka, timu hupungukiwa mabao. Ukimwondoa kotabeki aliyedumu kwa miaka mingi, unaondoa lugha ambayo kikosi kizima kimekuwa kikizungumza. Manning alichaguliwa wa kwanza katika drafti ya mwaka 1998 (zoezi la kila mwaka ambapo timu huchagua chipukizi kwa zamu, iliyofanya vibaya zaidi ikitangulia), akaanza mechi 208 za msimu wa kawaida mfululizo bila kukosa hata moja, akatajwa mchezaji bora wa ligi mara 4, na Februari 2007 akaiongoza Colts kutwaa Super Bowl, yaani fainali ya ligi, kwa kuwashinda Chicago Bears 29 kwa 17. Mwaka 2011, shingo ilipomzuia kucheza, timu ilipoteza mechi zake 13 za kwanza na kumaliza msimu ikiwa imeshinda 2 kati ya 16.

Mlango wa kutokea hujengwa siku ya kusaini

Kosa la kwanza la wamiliki wengi ni kudhani kwamba kuachana kunaanza pale mchezaji anapoumia, ilhali kunaanza siku mnaposaini mkataba mkiwa mnacheka na kupigwa picha. Siku hiyo ndipo unapopaswa kuuliza, mbele ya wakala wake na wanasheria wako, nini kitatokea endapo mwili wake utashindwa kuendelea. Swali hilo haliharibu mapenzi. Kulikwepa ndiko kunakoyaharibu baadaye.

Colts walifanya vizuri hapa. Tarehe 30 Julai 2011, wakati shingo ya Manning ilikuwa tayari imefanyiwa upasuaji na bado haijulikani itakuwaje, walisaini naye mkataba wa miaka 5 wenye thamani ya dola milioni 90. Ndani yake kulikuwa na bonasi ya dola milioni 28 iliyopaswa kulipwa tarehe 8 Machi 2012 iwapo klabu ingetaka kuendelea naye kwa miaka iliyobaki. Kama isingetaka, angekuwa huru. Kifungu hicho kiliwapa pande zote mbili tarehe iliyo wazi, na tarehe iliyo wazi ni hisani kwa mchezaji kuliko ahadi tamu zisizo na mwisho. Angalia pia tarehe yenyewe ilivyowekwa: soko la wachezaji huru lilikuwa linafunguliwa tarehe 13 Machi, kwa hiyo Manning aliachiliwa siku 6 kabla ya umati kuingia sokoni, akapata nafasi ya kutembelea klabu na kuzungumza bila kusukumana na mtu. Mmiliki anayemshikilia nyota wake hadi Agosti, wakati timu nyingine zimeshajaza vikosi, humwachia mikono mitupu hata kama anamsifu kwa maneno mazuri.

Tarehe hiyo hiyo ilikuwa na upande wa pili ambao mmiliki anapaswa kuujua mapema. Klabu haikuweza kumuuza Manning kwa timu nyingine kabla ya mwaka mpya wa ligi kuanza hiyo tarehe 13, na bonasi ilikuwa inaiva siku 5 kabla ya hapo. Kumbadilisha kwa wachezaji wengine hakukuwezekana bila kwanza kulipa zile milioni 28. Ukitaka njia ya kumuuza ibaki wazi, kifungu cha bonasi kiwekwe baada ya soko kufunguliwa; ukitaka awe huru mapema, kiwekwe kabla. Chagua ukiwa na akili yako timamu, si usiku wa manane wa siku ya mwisho.

Kuhusu hesabu nitasema kwa ufupi. Ligi ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, ina kikomo cha mishahara kwa kila timu, na mwaka 2012 kilikuwa dola milioni 120.6. Bonasi ya kusaini hugawanywa katika miaka ya mkataba kwa ajili ya hesabu za kikomo, na mchezaji akiachwa kabla ya tarehe 1 Juni, sehemu yote iliyobaki huangukia mwaka huo huo, ingawa mwenyewe hayupo tena uwanjani. Mtake mhasibu wako akuandikie kwenye karatasi moja gharama ya kumbakisha na gharama ya kumwacha kwa kila mwaka wa mkataba, na uisome karatasi hiyo kabla hujaongea na mtu yeyote.

Ujue mwili wake kabla ya kuujadili

Hapa ndipo wamiliki hupotea zaidi, kwa kuwa mapenzi huwafanya waamini kila habari njema na hofu huwafanya waamini kila habari mbaya. Jeraha la Manning lilikuwa la neva. Diski ya shingoni iliubana mshipa wa fahamu unaokwenda mkono wa kulia, msuli wa nyuma wa mkono ukadhoofika, na Septemba 2011, baada ya upasuaji mwingine kutotosha, madaktari waliziunganisha pingili mbili za shingo. Mfupa hushikana kwa miezi inayoweza kukadiriwa. Neva hurudi kwa wakati wake, na hakuna daktari mwaminifu atakayekutajia siku.

Manning mwenyewe aliwahi kusimulia jinsi alivyoligundua tatizo lake. Mwaka 2011 wamiliki wa ligi walikuwa wamewafungia wachezaji milango kwa sababu ya mgogoro wa mkataba wa pamoja kati yao na chama cha wachezaji, hivyo hakuruhusiwa kutumia madaktari wala viwanja vya klabu yake. Akaenda Denver kwa rafiki yake wa chuo kikuu, Todd Helton, aliyekuwa akiichezea timu ya besiboli ya Colorado Rockies, na wakajificha katika chumba cha mazoezi cha chini ya uwanja ili asionekane. Alirusha mpira wa kwanza. Ukaenda hatua chache tu, ukainamisha ncha na kuanguka chini. Helton akadhani anatania. Mtu aliyekuwa ametupa maelfu ya pasi katika ligi ngumu kuliko zote alikuwa amesimama pale na mkono wake, akitamani ingekuwa utani kweli.

Mmiliki anayesoma kisa hicho ajiulize mambo mawili. Kwanza, je, mchezaji wangu angekuwa na ujasiri wa kuniambia habari kama hiyo, au ameshajifunza kwamba kwangu udhaifu unaadhibiwa? Pili, je, nina daktari ambaye ataniambia ukweli hata kama hautanifurahisha? Mkataba wa pamoja wa ligi unampa mchezaji haki ya kupata maoni ya daktari wa pili kwa gharama ya klabu. Mhimize aitumie haki hiyo, na usiichukulie kama dalili ya kutokuaminiwa. Daktari wa klabu analipwa na wewe, na hata akiwa mtu wa haki, mchezaji atalikumbuka hilo. Madaktari wawili wakikubaliana, uamuzi wako utasimama juu ya mwamba. Wakitofautiana, angalau utajua kwamba unabahatisha, na utabahatisha kwa unyenyekevu.

Jambo moja usilifanye kamwe: usizungumze habari za mwili wake hadharani bila ridhaa yake. Januari 2012 Manning alimwambia mwandishi wa gazeti la Indianapolis kwamba hali ndani ya jengo la klabu haikuwa nzuri, watu wakiwa wamekwishafukuzwa na waliobaki wakiishi kwa wasiwasi. Irsay akajibu mbele ya waandishi kwa kumwita mwanasiasa na kusema kwamba mambo ya nyumbani yangebaki nyumbani. Mwanzoni mwa Februari, siku chache kabla ya Super Bowl iliyochezwa Indianapolis penyewe, Irsay alitoa taarifa kwamba Manning hakuwa amefaulu vipimo vya klabu wala kuruhusiwa kuichezea. Huenda kila neno lilikuwa la kweli. Hata hivyo mchezaji alikuwa anajaribu kuthibitisha kwa timu nyingine kwamba bado anaweza, na mwajiri wake alikuwa akitangaza kinyume. Kama ni lazima kitu kisemwe, kiandikwe pamoja, kisomwe na wote wawili, na kitoke mara moja tu.

Mrithi akiwa ameshafika mlangoni

Kwa kushinda mechi 2 tu, Colts walipata haki ya kuchagua wa kwanza katika drafti ya Aprili 2012, na mwaka huo alikuwepo Andrew Luck wa Chuo Kikuu cha Stanford, kotabeki kijana aliyesifiwa na wachunguzi wa vipaji kuliko chipukizi yeyote kwa miaka mingi. Watu wazima watakukumbusha methali: usiache mbachao kwa msala upitao. Ni onyo la haki, na litafakari kwa dhati. Lakini jiulize kama huo mpya kweli ni msala wa kupita, na kama mbachao wako bado unakalika.

Wamiliki wengine hujaribu kuwabakiza wote wawili, na mara nyingi ni kwa sababu hawana moyo wa kuchagua. San Francisco 49ers walipitia hilo kwa Joe Montana. Kiwiko kilimweka nje msimu wote wa 1991 na karibu wote wa 1992, na wakati huo Steve Young akawa mchezaji bora wa ligi. Aprili 1993, Montana alipokuwa ameshakubaliana na Kansas City Chiefs, klabu ikageuka ghafla na kumpa nafasi ya kuanza. Alikataa na kuondoka. Ofa ile iliyochelewa haikumfurahisha Montana, ilimfedhehesha Young, na iliwaonyesha wachezaji wote kwamba uongozi unasukumwa na kelele za mitaani. Ukishaamua, usirudi nyuma kwa kuogopa simu za mashabiki.

Maoni yangu ni kwamba Irsay aliamua sawa, na ningesema hivyo hata kama Luck angeshindwa. Klabu iliyokuwa imembadilisha meneja mkuu na kocha ndani ya Januari moja ilikuwa inaanza upya, na kumlazimisha mtu wa miaka 36 mwenye shingo iliyounganishwa asubiri nyumba ijengwe upya kungekuwa kupoteza miaka yake ya mwisho. Kumwachia aende mahali palipokwisha kujengwa kulikuwa kumtendea haki.

Mwambie wewe mwenyewe

Habari hii haipelekwi na meneja mkuu, wala wakala, wala ujumbe wa simu. Mwite mahali ambapo hapana kamera wala wapita njia, ukae naye kiti kwa kiti, si wewe nyuma ya meza na yeye mbele yake kama mwombaji wa kazi. Maneno ya uamuzi yawe machache na yatangulie, kwa sababu mtu anayengojea kusikia hatma yake hasikii shukrani zinazotangulizwa. Huhesabu tu dakika hadi neno lenyewe litoke. Mwambie kwamba hutalipa bonasi, kwamba atakuwa huru tarehe fulani, na kwamba uamuzi ni wako. Usiseme kwamba makocha ndio waliotaka au kwamba hesabu zimekulazimisha. Kisha nyamaza umwache aseme. Akikasirika, usijitetee, akilia, usiangalie saa.

Baada ya hapo muulize mambo ya kawaida ambayo wengi husahau kwa sababu ya uzito wa siku yenyewe. Angependa nani aambiwe kabla ya tangazo? Vitu vyake kabatini vitatolewa na nani, na saa ngapi? Je, wauguzi, wapishi na watunza vifaa waliokuwa naye kwa miaka yote hiyo watapata nafasi ya kumpa mkono? Kibao chenye jina lake kisiondolewe na fundi asubuhi wakati yeye mwenyewe anapita ukumbini.

Kati ya mazungumzo hayo na tangazo yasipite masaa mengi. Habari za Manning zilivuja tarehe 6 Machi, usiku mmoja kabla ya mkutano na waandishi, na si ajabu, kwa kuwa jambo linalojulikana na watu 10 haliwezi kulala salama. Kama unaweza kuzungumza naye asubuhi na kutangaza mchana, fanya hivyo.

Simama naye siku ya tangazo

Tarehe 7 Machi 2012, katika jengo la Colts, Irsay na Manning walijitokeza pamoja, na hili ndilo jambo ambalo ningetamani kila mmiliki alitazame kabla ya siku yake kufika. Mmiliki alianza, akasema kwamba jezi namba 18 haitavaliwa tena na mchezaji yeyote wa Colts. Kisha Manning akashika karatasi zake. Akasema kwamba ameichezea Colts karibu maisha yake yote ya utu uzima, na kwamba katika michezo kama katika maisha hakuna kinachodumu milele. Sauti ilimkatika zaidi ya mara moja. Alipofika kwenye kuwashukuru mashabiki kwa kumruhusu awe kotabeki wao, ilimbidi asimame kidogo avute pumzi, na hakuna aliyemharakisha.

Mkutano ule ulifaulu kwa sababu kila mmoja alipewa nafasi ya kusema yaliyo yake. Mmiliki asimwandikie mchezaji hotuba, asimpangie aseme kwamba amekubali kwa furaha, na asimtangaze mrithi siku hiyo. Jina la kijana anayekuja lingoje. Lakini lile la jezi liseme siku hiyo hiyo ikiwa umelikusudia, kwa kuwa heshima inayotolewa mtu akiwa anaondoka akiwa dhaifu ina uzito kuliko ile inayotolewa baada ya kushinda mahali pengine.

Chunga ulimi wako baadaye

Tarehe 20 Machi 2012 Manning alijiunga na Denver Broncos. Mwaka 2013 alirusha pasi 55 za mabao, rekodi ya ligi, na akawa mchezaji bora kwa mara ya 5. Colts nao walishinda mechi 11 katika msimu wa kwanza wa Luck. Mmiliki ajiandae kwa jambo hili hasa: mtu uliyeachana naye anaweza kufanikiwa sana, na mafanikio yake yatakuchoma hata kama yako yapo.

Irsay yalimponyoka hapo. Oktoba 2013, siku chache kabla ya Manning kurudi Indianapolis kama mpinzani, aliliambia gazeti moja kwamba miaka ile ilikuwa na takwimu za ajabu lakini ilileta taji moja tu. Kocha wa Broncos, John Fox, akajibu kwa uchungu, na wiki iliyopaswa kuwa ya shukrani ikageuka ya malumbano. Jioni ya tarehe 20 Oktoba ikaokolewa na watu wa jiji: picha za miaka yake zilipoonyeshwa, uwanja mzima ulisimama, naye akatoka na kuwapungia mkono. Colts walishinda 39 kwa 33. Kwa hiyo, timu yake mpya inapokuja kwako, andaa filamu fupi, mlipe mtunzi wake vizuri, na wewe mwenyewe usifanye mahojiano wiki hiyo.

Irsay alikuwa na sababu ya kujua uzito wa haya kuliko wengi. Baba yake, Robert Irsay, aliichukua Colts mwaka 1972 ikiwa bado Baltimore, na kotabeki wake alikuwa Johnny Unitas, mzee na mwenye mkono uliochoka. Baada ya mechi 5 kocha alifukuzwa na Unitas akawekwa benchi, na Januari 1973, akiwa na miaka 39, akapelekwa San Diego Chargers. Jim alikuwa na miaka 13. Mwaka 1984 familia ilipoihamishia timu Indianapolis usiku kwa malori, Unitas alikataa jina lake lihusishwe na klabu hiyo, na hakubadilika hadi alipofariki mwaka 2002. Sanamu yake iko Baltimore, mbele ya uwanja wa Ravens, timu ambayo hakuwahi kuichezea.

Manning alistaafu akiwa Denver tarehe 7 Machi 2016, miaka 4 kamili tangu mkutano ule, mwezi mmoja baada ya kutwaa Super Bowl yake ya pili. Siku 11 baadaye alikuwa Indianapolis, ameketi na Irsay mbele ya waandishi wale wale, na Irsay akatangaza kwamba sanamu yake itajengwa nje ya Lucas Oil Stadium. Ilizinduliwa Oktoba 2017, na Manning alikuwepo.